Usiulaumu mkono, tazama mdomo wa chupa

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali kabla hujageuza ukurasa huu. Umewahi kumkaripia mtu mbele ya wageni kwa sababu ya tone moja tu? Tone la chai, la mafuta, la sharubati au la divai? Kama hujawahi, basi wewe ni mmoja katika elfu, na Mungu akuzidishie subira. Mimi nimewahi. Tone hilo lilinigharimu miaka miwili ya kununiana na mtu niliyempenda kama ndugu wa toka nitoke.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Desemba. Wakwe zangu walikuwa wametoka mashambani kuja kutuzuru kwa mara ya kwanza tangu tufunge ndoa. Wewe mwenyewe wayajua mambo ya wakwe. Nilipiga deki mara mbili, nikabadilisha mapazia, nikaazima viti vinne kwa jirani. Juu ya meza nikatandika kitambaa cheupe ambacho mama yangu alikifuma kwa mkono wake, akaanza wakati wa Krismasi na kumaliza karibu na Pasaka. Kitambaa hicho kilikuwa kimekaa kabatini tangu siku ya harusi yangu, kikingoja wageni wa kukistahili.

Shemeji yangu alikuwa amekuja na chupa ya divai nyekundu. Baba mkwe si mtu wa vileo, lakini kwa heshima ya mwanawe alikubali aonje kidogo. Nikamwita binamu yangu, binti ya mjomba, aje amimine. Jina lake silitaji, kwani yeye husoma gazeti hili kila Jumapili. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi na alikuwa akiishi nasi. Alikuwa mtoto mwenye adabu zake.

Akaishika chupa kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo kama tulivyofundishwa sote, akamimina polepole mno. Alipoinua chupa, nililiona tone jekundu likiukunja mdomo wa chupa, likateremka shingoni, likapita juu ya ile karatasi ya nembo na kuning'inia chini ya kitako. Kisha tap! Likaanguka juu ya kitambaa cha mama. Nikajikaza kisabuni. Akamimina glasi ya pili, na tone la pili likaanguka kando ya lile la kwanza.

Hapo ulimi ukaniponyoka. "Mikono yako ina nini leo? Hata kumimina tu hujui? Kwani kwenu hamkufundishwa?"

Lo! Maneno hayo yalipotoka tu nilitamani kuyarudisha kinywani, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama yake binamu yangu alikuwa ameaga dunia miaka mitatu kabla ya siku hiyo. Kila mtu mezani alilijua hilo. Baba mkwe akakohoa kidogo, akasema, "Ni tone tu, mwanangu." Binamu akasema, "Samahani, dada," akaweka chupa chini na kuingia jikoni. Hakutoka tena hadi wageni walipoondoka. Mwezi wa Januari alihamia hosteli, na tangu siku hiyo tukawa watu wa kusalimiana tu matangani na harusini.

Doa la kitambaa nalo nililiharibu mwenyewe. Kwa hasira zangu nililisugua kwa sabuni na maji ya moto, likatanuka badala ya kutoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba doa la divai halisuguliwi. Hugandamizwa kwa kitambaa kikavu ili linyonywe, likanyunyiziwa chumvi, kisha likasuuzwa kwa maji baridi. Wakati huo sikujua. Likabaki pale, rangi ya chai ya mkandaa iliyopoa.

Mama alipokuja na kuliona, nilianza kumweleza kwa hamaki jinsi lilivyotokea. Akanikatiza. "Kitambaa nilikifuma ili watu wale juu yake," akasema. "Doa silo linalonisumbua. Linalonisumbua ni mtoto yule kutokuja kwetu Krismasi." Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Moyoni nilikuwa bado naamini kwamba kosa lilikuwa la binamu, na kwamba mimi nilizidisha ukali tu.

Kiduara cha ajabu

Miaka miwili ikapita. Jumamosi moja nilialikwa kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa akisherehekea mahafali ya mwanawe. Ulipofika wakati wa vinywaji, mwenyeji wetu alitoa kwenye bahasha ndogo kiduara chembamba kinachong'aa, mfano wa ile karatasi ya fedha inayofunikia chokoleti, ila kigumu kidogo. Akakikunja kama mtu atengenezaye kifaneli cha karatasi, akakiingiza nusu ndani ya shingo ya chupa na kukiachilia. Kikajikunjua chenyewe na kuibana shingo kwa ndani, nusu yake ikichomoza nje kama mdomo wa jagi.

Akawamiminia watu wapata kumi. Mimi nilikuwa nimeacha mazungumzo na kukodoa macho kwenye kitambaa cha meza. Hakuna lililoanguka. Kila alipoinua chupa, mkondo wa divai ulikatika ghafula kana kwamba umekatwa kwa wembe.

"Hicho ni kidude gani?" nikamwuliza.

"Hiki? Ni cha kuzuia kudondoka tu," akajibu, akashangaa kwamba nimeshangaa.

"Hata ukimimina polepole?"

"Hata ukimimina polepole."

Nikakishika mkononi. Kilikuwa chepesi kuliko jani la mwembe. Ndipo moyo uliponipiga paa. Ikiwa kipande kama hiki, kisicho na akili wala adabu, kinaweza kulizuia tone, basi huenda tone lile halikuwa la mkono hata kidogo. Huenda lilikuwa la chupa.

Niliporudi nyumbani usiku huo nilifungua friji ninywe maji. Sijui kwako wewe, msomaji, lakini kwetu chupa tupu haitupwi. Huoshwa ikatiwa maji ya kunywa. Na chupa iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ile ile ya shemeji! Kwa miaka miwili tulikuwa tumeitumia kila siku, mume wangu, watoto na mimi. Nikaijaza maji hadi shingoni, nikatandaza gazeti juu ya meza, nikaanza kumimina polepole kama mtu anayemhudumia mkwe. Nikatazama gazeti. Matone. Nikarudia. Matone tena. Nilirudia mara ishirini, na zaidi ya nusu ya mara hizo gazeti lililowa kwa mkono wangu mimi mwenyewe, mwalimu wa adabu.

Kumbe chupa ile ilikuwa ikidondosha siku zote, mkononi mwa kila mtu. Maji hayana rangi, kwa hivyo hakuna aliyepata kuiona hatia yake. Tone likiwa wazi hulifuta kwa kiganja ukaendelea na mambo yako. Likiwa jekundu, juu ya kitambaa cheupe, mbele ya wakwe, hutafutwa mtu wa kulaumiwa.

Wataalamu walilitafakari

Kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza, nilianza kuuliza na kusoma. Nilidhani ni jambo la jikoni tu, kumbe limewaumiza vichwa wasomi wakubwa. Mtaalamu mmoja wa Israeli, Markus Reiner, aliliandikia mwaka wa 1956 na kulipa jina la athari ya birika, kwani birika la chai lina tabia ile ile ya kudondosha chini ya mdomo wake. Mwaka uliofuata, mwanahisabati wa Marekani, Joseph Keller, akalipigia hesabu. Mwaka wa 1999 Keller na mwenzake Jean-Marc Vanden-Broeck walipewa ile tuzo ya Ig Nobel, itolewayo kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kukokotoa jinsi ya kutengeneza mdomo wa birika usiodondosha. Hata hivyo mjadala haukuisha, kwani mwaka wa 2021 watafiti wa Vienna na London walikuwa bado wanaandika hesabu zake.

Maelezo yenyewe, ukiyaondolea hesabu, ni mepesi. Kioo hupenda maji, na divai kwa sehemu kubwa ni maji. Unapomimina kwa kasi, kinywaji huwa na nguvu ya kuruka mbali na mdomo wa chupa. Unapomimina polepole, nguvu hiyo haipo, kwa hivyo kinywaji hung'ang'ania kioo. Nao mdomo wa chupa ni wa mviringo, umelainishwa usimkate mtu. Basi kinywaji huufuata mviringo huo, kikajikunja kurudi nyuma na kuteremka kwa nje.

Mtaalamu mwingine, Daniel Perlman wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, alitazama picha za mwendo wa polepole za divai ikimiminwa. Akagundua kwamba chupa hudondosha zaidi inapokuwa imejaa au inakaribia kujaa. Mwaka wa 2017 ikatangazwa dawa aliyoivumbua: mfereji mdogo wenye upana wa milimita 2 hivi na kina cha milimita 1, uliochongwa kuizunguka shingo chini kidogo ya mdomo. Tone likifika hapo hushindwa kuruka mfereji, likaangukia ndani ya glasi.

Kiduara chetu nacho, ambacho asili yake ni Denmark, hutumia njia nyingine. Ukingo wake ni mwembamba kama wembe. Kinywaji kikifika pale hakipati mviringo wa kujikunjia. Kikisimamishwa, kinakatika.

Sasa yapime maneno haya, msomaji wangu. Chupa iliyojaa. Mkono unaomimina polepole. Hizo ndizo hali mbili zinazodondosha zaidi, na hizo ndizo zilizokuwapo siku ile. Binamu yangu alipewa chupa iliyofunguliwa wakati huo huo, akaimimina taratibu kwa sababu alikuwa anamhudumia mzee. Laiti angekuwa mtoto asiye na adabu, akamimina kwa pupa kama anayejaza ndoo, pengine lisingeanguka hata tone moja. Ni heshima yake iliyodondosha, nami nikamwuliza kama kwao walimfundisha!

Wazee walijua

Nilipotafakari zaidi niliona kwamba wazee wetu hawakuhitaji hesabu za Stanford ili walijue jambo hili. Unapomnawisha mgeni mikono kabla ya chakula, chini ya jagi huweka beseni, na hakuna anayehesabu matone yanayoangukia humo. Muuza kahawa wa Mombasa hubeba dele lenye mdomo mrefu uliochongoka kama wa ndege, naye hujaza kikombe kidogo kama ganda la yai akiwa amesimama barabarani. Kanisani, padri haachi kuwa na kitambaa cheupe cha kukifutia kikombe cha divai. Mhudumu wa hoteli kubwa naye hutembea na kitambaa mkononi, na amalizapo kumimina huizungusha chupa kidogo huku akiiinua. Zamani nilidhani ni madaha. Kumbe mzunguko ule hulitandaza tone la mwisho kwenye mdomo wote wa chupa ili lisipate uzito wa kuteremka.

Hizo zote ni njia za watu waliokubali kwamba chupa itadondosha, wakajipanga mapema badala ya kungoja wamlaumu mtu.

Ikiwa wataka kuvitumia viduara hivi, huuzwa kwa pakiti katika baadhi ya maduka ya vinywaji na vyombo vya mezani. Kikunje, kiingize nusu, uhakikishe kimeibana shingo kotekote ili kinywaji kisipenye nyuma yake. Ukimaliza kioshe, kikaushe, ukilaze bapa, nacho kitakutumikia mara nyingi. Kiondoe kabla ya kurudisha kizibo. Kuna pia vile vya chuma au plastiki vyenye mpira, hushindiliwa mdomoni mwa chupa. Na kuna pete yenye kitambaa ndani, huvishwa shingoni. Hiyo haizuii tone kutoka, ila hulinyonya linapoteremka.

Usidhani haya ni ya wanywaji peke yao. Katika nyumba isiyoingia kileo, kiduara hicho hicho hufaa kwa chupa ya sharubati au ya siki, mradi shingo yake ni nyembamba. Na ukiitazama vizuri chupa ya mafuta ya kupikia, huenda ukaona ndani ya mdomo wake kipete cha plastiki chenye ukingo mwembamba. Ni akili ile ile. Ukikosa vyote hivyo, mimina kwa mkono usiositasita, izungushe chupa unapoiinua, na uwe na kitambaa cha kufutia. Havihitaji pesa.

Kuvuka mji

Jumapili iliyofuata nilipanda matatu mbili hadi Kasarani. Binamu yangu alikuwa amekwisha kuhitimu na kupanga chumba huko. Mkobani nilikuwa na ile chupa, glasi mbili na kiduara nilichopewa na mwenzangu. Alipofungua mlango akanitazama kama mtu aliyekuja kudai kodi ya nyumba. Akanikaribisha hata hivyo, kwani adabu zake hazikuwa zimekwenda popote.

Nikamwomba maji, nikaijaza chupa, nikamimina polepole juu ya kimeza chake. Tone likaanguka. Nikatia kiduara, nikamimina tena. Hakuna kitu. Nikaanza kumweleza habari za kioo, za mviringo, za Keller na za Perlman. Alisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani. Nilipomaliza akasema, "Dada, umevuka mji mzima kuja kunimiminia maji?"

"Nimekuja kukwambia kwamba haukuwa mkono wako."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na kama ungekuwa ni mkono wangu? Ungekuwa na haki ya kumwingiza mama?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na ushahidi wote, kama wakili, nikidhani kesi ilikuwa ya tone. Kumbe yeye hakuwahi kuipeleka kesi ya tone popote. Nikaweka chupa chini, nikamwambia kitu nilichopaswa kusema jikoni siku ile ile: kwamba nilikosa, kwamba mama yake alimlea vizuri kuliko nilivyolelewa mimi, na kwamba naomba anisamehe. Hatukulia sana. Tulilia kiasi cha watu wawili walio katika chumba kimoja chenye kuta nyembamba na majirani wenye masikio.

Krismasi iliyofuata tulikutana sote kwa mama. Kitambaa kilikuwa mezani pamoja na madoa yake mawili. Shemeji alileta chupa, nami nikatoa kiduara mkobani kwa majigambo. Binamu akanipokonya chupa. "Leo tusikitie," akasema. Akakunja goti, akammiminia mama polepole, kwa mikono miwili. Tone likateremka shingoni, tap, likawa la tatu.

Tukatazamana. Mama akachukua kisahani cha chapati, akakiweka juu ya doa jipya, akasema, "Haya, kuleni."

Basi, mpenzi msomaji, leo jioni ukimwita mtoto, mdogo wako au yaya aje akumiminie mgeni chai, na tone likaanguka, jiulize kwanza kama birika hilo hilo halidondoshi mkononi mwako pia. Kiduara kinunue ukipenda, kitakuokolea kitambaa. Lakini ulimi hauna kiduara chake. Huo itakubidi uukate mwenyewe, kabla neno halijajikunja kwenye mdomo na kuteremka.